Miaka Mia ya Kuandika Ardhi: Taasisi ya Jiolojia na Ushahidi wa Pwani ya Lindi

Mkataba wa biashara uliofungwa kati ya Sayyid Said na Uingereza tarehe 31 Mei 1839 una kifungu ambacho wanahistoria wa siasa hukipita haraka. Waingereza wanaruhusiwa kununua na kuuza kote katika milki ya Sayyid, ila kwenye pwani ya bara, kutoka upande wa Tanga hadi Kilwa, wamewekewa mpaka: pembe za ndovu na sandarusi wasiziguse. Kuhusu pembe hakuna la kushangaza. Sandarusi ndiyo inayotaka kutazamwa mara mbili, kwa sababu ile iliyo bora haikugemwa mtini, ilichimbwa. Ilikuwa utomvu wa miti iliyokufa zamani, ukaganda, ukazikwa mchangani, na wachimbaji wa mrima waliitambua kwa ganda lake lenye vinundu kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ilisafirishwa hadi Salem, Massachusetts, ikasafishwa na kugeuzwa vanishi. Kwa hiyo amri iliyoandikwa kuhusu kitu kinachotoka ardhini ilifika Kilwa kabla ya mjiolojia yeyote, na haikumuuliza mchimbaji ameona nini shimoni. Ilimuuliza anamuuzia nani.

Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, ambayo wengi huiita GST, ilitimiza miaka 100 mwaka 2025. Makao yake ni Dodoma, nchi ya mibuyu na miamba ya itale, mbali na minazi ya Lindi. Hata hivyo naona historia yake inasomeka vizuri zaidi ukisimama pwani, katika ukanda unaoanzia Kilwa, ukapita Kilangala na Mchinga, hadi Lindi mjini na kuingia Ruangwa. Hapa pana mifupa ya kale, gesi, jasi, chumvi na madini ya kinywe, na kila kimoja kimekuwa na sheria yake. Hoja yangu ni kwamba taaluma ya jiolojia katika nchi hii imeumbwa na sheria kwa kiasi kikubwa kuliko wenyewe wanavyokiri, na kwamba sheria zilizoijenga hasa ni zile zilizomlazimisha mtu kuandika alichokiona ardhini na kukikabidhi. Sheria zilizogawa mali tu ziliacha mashimo. Tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi ndiyo iliyoamua nani leo anajua kilichomo chini ya Lindi, na anakijulia wapi.

Mjiolojia wa kwanza kuiandika nchi hii kwa mapana alikuwa ofisa wa migodi wa Kijerumani, Wilhelm Bornhardt. Alitembea kusini katika miaka ya 1890, na kitabu chake cha mwaka 1900 ndicho kilichoipa jiografia ya dunia neno la Kijerumani linalotumika hadi leo kutaja vilima vya mawe vinavyosimama peke yake katika tambarare, kama vile anavyoviona msafiri wa Masasi. Alitumwa na dola iliyokuwa imekwisha kujipa ardhi kwa kalamu. Amri ya Kaizari ya Novemba 1895 ilitangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, na aliyeamua kama ardhi ina mwenyewe au haina alikuwa dola hiyohiyo. Mtu wa Lindi aliyelima kwa kuhamahama, akiacha shamba lipumzike na kurudi baadaye, alikuwa hana cha kuonyesha mbele ya sheria ya namna hiyo. Kisha ikaja vita ya Maji Maji mwaka 1905, na baada yake njaa iliyoacha vijiji vizima vya kusini vikiwa mahame. Katika nchi iliyopigwa hivyo ndipo mifupa ya Tendaguru ilipotajwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya wageni.

Aliyeitaja ni Bernhard Sattler, mhandisi wa kampuni iliyokuwa ikitafuta madini nyuma ya Lindi, mwaka 1906. Mwaka uliofuata alikuja Eberhard Fraas kutoka Stuttgart kuthibitisha, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin iliendesha hapo uchimbaji ambao mfano wake haukuwahi kuonekana. Werner Janensch na Edwin Hennig ndio walioandikwa kuwa wakuu wa msafara. Msimamizi wa mashimo alikuwa Boheti bin Amrani, na chini yake mamia ya vibarua, ambao katika kilele cha kazi walikaribia 500. Mifupa ilifungwa kwa plasta na udongo, ikabebwa vichwani na mabegani siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200 ziliondoka. Kutoka katika shehena hiyo ulijengwa mwaka 1937 mfupa kwa mfupa yule mjusi mkubwa anayesimama Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, na ambaye wabunge wa kusini wamekuwa wakimuulizia bungeni miaka nenda, miaka rudi.

Swali la mjusi kwa kawaida huulizwa kama swali la mali: arudi au asirudi, na kama harudi, mapato yake yagawanywe vipi. Ni swali halali, na sitaki kulipunguza uzito. Lakini kwa anayeandika historia ya taaluma kuna hasara ya pili isiyotajwa. Pamoja na mifupa ziliondoka daftari za mashimo, michoro ya matabaka, na maelezo ya mfupa upi ulilala juu ya upi. Mfupa bila maelezo hayo ni kitu cha kutazamwa tu. Ukiwa nayo unakuwa ushahidi wa nchi ilivyokuwa, wapi palikuwa wangwa na wapi palikuwa nchi kavu, miaka milioni 150 iliyopita. Hakukuwa na sheria iliyosema nakala ya daftari ibaki Lindi au Dar es Salaam. Janensch na wenzake walikuwa makini mno, walichapisha kwa miongo mingi, na kazi yao bado inasomwa. Kwa sababu hiyo siwezi kusema maarifa yalipotea duniani. Yalipotea hapa, na Mtanzania aliyetaka kuisoma Tendaguru ilimbidi ajifunze Kijerumani kwanza.

Waingereza walipoirithi Tanganyika walirudia jambo lilelile. Msafara wa makumbusho ya London ulianza kazi Tendaguru mwaka 1924 chini ya William Cutler, akiwa na kijana Louis Leakey. Cutler aliugua malaria akafia Lindi mwaka uliofuata, na kazi ikaendelezwa na wengine hadi 1931. Tazama tarehe hizo. Idara ya jiolojia ya serikali ilianzishwa mwaka 1925, Dodoma. Kwa miaka sita nchi ilikuwa na ofisi yake ya jiolojia na, wakati huohuo, kilima chake mashuhuri kuliko vyote kijiolojia kilikuwa kikichimbwa na watu ambao hawakuwajibika kwa ofisi hiyo. Sababu haikuwa uzembe wa Edmund Teale, mtaalamu mwenye asili ya Australia aliyeiongoza ofisi hiyo katika miaka yake ya mwanzo. Sababu ilikuwa tafsiri ya maneno. Sheria za madini za kipindi kile zilijali dhahabu, almasi, mika, bati, kitu chenye bei kwa wakia au kwa tani. Mfupa uliogeuka jiwe haukuwa dhahabu wala bati. Ulianguka katika ufa kati ya sheria mbili, na ufa huo haujazibwa sawasawa mpaka leo, kama nitakavyoeleza.

Pamoja na hayo, ndani ya uwanja iliopewa, ofisi ya Dodoma ilifanya kitu ambacho wafanyabiashara wa sandarusi na wachimbaji wa Tendaguru hawakukifanya. Iliigawa nchi katika miraba ya robo digrii, ikaanza kuipima mraba kwa mraba na kuichapa ramani pamoja na maelezo. Kila mwenye kibali cha kutafuta madini alitakiwa kutoa taarifa, na taarifa zilirundikana makabatini pamoja na mawe yenyewe. Kwa miaka mingi kazi hiyo haikuwa na mvuto wowote. Ramani moja ilimchukua mpimaji misimu kadhaa ya kiangazi, akitembea korongo kwa korongo. Faida yake haikuonekana mwaka uleule wala pengine katika utumishi wa aliyeipima. Hapa ndipo sheria inapofanya kazi ambayo soko haliwezi: inamlipa mtu aandike jambo ambalo mnunuzi wake hajazaliwa.

Pwani ya Kilwa inatoa mfano mzuri. Katika miaka ya 1950 kampuni za BP na Shell zilipewa eneo la pwani kutafuta mafuta. Zilipima kuanzia mpaka wa Kenya hadi Ruvuma, zikachoronga visima vichache virefu, kimoja kikiwa Mandawa, katika Wilaya ya Kilwa, kilichozama zaidi ya mita 4,000 na kukutana na chumvi nene ya kale. Mafuta hayakupatikana, na kwa hesabu ya biashara ile ilikuwa fedha iliyomwagwa. Kampuni zikarudisha eneo mwaka 1964. Lakini data hazikufungiwa. Mwaka 1971 Kent na wenzake walizichapisha katika kitabu kimoja kuhusu jiolojia ya pwani ya Tanzania, na tangu hapo hakuna mtu aliyefanya kazi ya maana kati ya Tanga na Mtwara bila kupitia kurasa hizo. Chumvi ya Mandawa ilimfundisha kila aliyefuata kwamba bahari ya kwanza iliyoingia hapa bara la kale lilipoanza kupasuka ilikuwa finyu na iliyokauka mara kwa mara. Kisima kikavu kilichoandikwa kimeifaa nchi kuliko visima vingine vyenye gesi ambavyo taarifa zake zilifika nusu.

Uhuru ulileta sheria za aina nyingine, na zikamhamisha mjiolojia kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, lilianzishwa mwaka 1969, na STAMICO kwa ajili ya madini mwaka 1972. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha jiolojia mwaka 1974, mwaka uleule ambao Agip ya Italia, ikifanya kazi chini ya mkataba na TPDC, iligundua gesi katika kisiwa cha Songo Songo, Kilwa. Agip iliona gesi ile haina soko, ikaiacha. Kama sheria ingekuwa ya mtindo wa mwaka 1909, Waitaliano wangeondoka na kumbukumbu zao na kisiwa kingebaki na bomba lililozibwa. Kwa kuwa mkataba ulikuwa na shirika la umma, taarifa za kisima zilibaki, TPDC ikaendelea kuchoronga, ikajiridhisha kuhusu ukubwa wa hazina, na mwaka 2004, miaka 30 baadaye, gesi ya Songo Songo ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam. Watu wengi husimulia habari hii kama habari ya uvumilivu. Mimi naiona zaidi kama habari ya kabati la mafaili.

Sheria ya Madini ya 1979 iliweka umiliki wa madini mikononi mwa Jamhuri. Ile ya 1998 ikafungua mlango kwa kampuni binafsi, na wajiolojia wengi wakaondoka serikalini kufuata mishahara. Iliyobadili mwendo wa kazi ya kila siku, kwa maoni yangu, ni ile ya 2010, kwa kifungu kinachoonekana kuwa cha karani tu. Leseni ya utafutaji hutolewa kwa miaka minne. Ikifika wakati wa kuhuisha, mwenye leseni huongezewa miaka mitatu, lakini lazima aachie angalau nusu ya eneo. Fikiria maana yake kwa mtu aliyepewa kipande cha Ruangwa au Nachingwea. Mwaka wa kwanza unakwisha kwa kuzungumza na vijiji na kuchukua sampuli za udongo. Mvua za kusini zikianza mwishoni mwa mwaka, bonde la Mbwemkuru halipitiki kwa gari hadi zikatike, kwa hiyo kila mwaka una miezi michache ya kazi. Anachimba mitaro, anachoronga mashimo machache, na kabla hajawa na uhakika lazima akate ramani katikati na kusema nusu hii naishika, ile naiacha. Sheria imempangia mjiolojia lini aamue na kwa ushahidi kiasi gani. Wapo wanaoilaumu kwa hilo, wakisema inalazimisha haraka katika sayansi inayodai subira. Lakini bila kisu hicho leseni zingeshikiliwa kwa ajili ya kuuzwa tena tu, na nusu iliyoachwa ingebaki imefungwa kwa mtu asiyeitembelea. Muhimu zaidi ni kwamba nusu iliyoachwa huachwa pamoja na taarifa zake, na anayekuja baadaye haanzii sifuri.

Ofisi ya Dodoma yenyewe ilibadilishwa sura mara mbili katika kipindi hiki. Mwaka 2005 ilifanywa wakala wa serikali, ikitarajiwa kujiendesha kwa sehemu kwa kuuza ramani na huduma za maabara. Mwaka 2017 ndio uliokuwa mzito. Machi ile serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, na Rais John Magufuli akaunda kamati ya kuchunguza makontena 277 yaliyokuwa bandarini Dar es Salaam. Aliyepewa uenyekiti ni Profesa Abdulkarim Mruma, mtendaji mkuu wa wakala wa jiolojia. Kampuni iliyohusika ilizipinga vikali takwimu za kamati hiyo, na mabishano yale yalimalizikia katika makubaliano ya kisiasa na ya kibiashara kuliko ya kimaabara. Kwa historia ya taasisi, jambo la kudumu ni lile lililofuata mwezi Julai: Sheria Na. 7 ya 2017 iliirekebisha Sheria ya Madini, ikaunda Tume ya Madini, na ikaipa GST nafasi yake ndani ya sheria yenyewe, ikiwa mtunzaji wa data za jiolojia za taifa na benki ya data za rasilimali za madini. Mwenye leseni sasa anawajibika kuwasilisha data zake huko. Kile kilichokuwa desturi ya kiofisi tangu 1925 kikawa wajibu wa kisheria wenye jina la mpokeaji.

Msomaji makini atauliza kama sijaisafisha mno taasisi iliyozaliwa kwa ajili ya ukoloni. Pingamizi hilo ni la kweli. Idara ya 1925 iliundwa ili mtaji wa Uingereza ujue pa kuchimba, wapimaji wake walikuwa wageni, na wabeba mahema, wachimba mitaro na waongoza njia hawakuandikwa kama wanataaluma. Sheria zilizoilinda ziliendelea kumtenga mwenyeji na kilichomo chini ya shamba lake. Lakini kutokana na ukweli huo haifuati kwamba kumbukumbu zake ni chafu. Ramani iliyopimwa kwa nia ya kumnufaisha mwekezaji wa London mwaka 1935 inaweza kumwonyesha mhandisi wa maji wa wilaya, mwaka huu, tabaka la mchanga lenye maji chini ya kijiji. Nia ya aliyepima ilikufa naye. Vipimo vimebaki, na sasa vimo mikononi mwa taifa. Tendaguru inathibitisha hilo kwa upande wa pili: nia za Janensch zilikuwa za kisayansi tupu, na nchi hii haikubakiwa na chochote.

Pingamizi la pili hutoka kwa wanasayansi. Miamba haisomi gazeti la serikali, wanasema. Matabaka ya Kilwa yangekuwa yaleyale chini ya sheria yoyote. Matabaka ndiyo, lakini jiolojia ni maneno ya watu kuhusu matabaka, na maneno hayo yana kanuni. Kanuni za kimataifa za kuyapa matabaka majina zinataka jina litokane na mahali yanapoonekana vizuri. Ndiyo maana katika majarida ya dunia leo mtu anasoma juu ya Kundi la Kilwa na tabaka zake kuu nne: Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Stendi ya mabasi, bandari ya zamani ya msafara, mji wa wilaya na kijiji cha wavuvi vimekuwa majina ya vipindi vya historia ya dunia. Kazi iliyoleta majina hayo ilifanyika mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale Paul Pearson wa Cardiff na wenzake walipochoronga visima vifupi katika udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi. Maganda ya viumbe wadogo wa bahari waliozikwa humo yamehifadhiwa waziwazi kama kioo, hali adimu sana duniani, na mwaka 2009 yalitoa katika jarida la Nature kipimo cha hewa ya ukaa ya miaka kama milioni 34 iliyopita, wakati barafu ya Antaktika ilipoanza kujengeka. Watafiti wageni wa kipindi hiki hawakuweza kuja kama alivyokuja Fraas. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya 1986, inataka kibali na mshirika wa ndani. Mshirika alikuwa TPDC, na katika orodha za waandishi wa machapisho yale wamo Joyce Singano na Emma Msaky. Linganisha orodha hiyo na ya machapisho ya Tendaguru ya 1914.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa lina ushahidi. Kulazimisha taarifa si kupata taarifa nzuri. Kampuni inaweza kuwasilisha kurasa 40 zisizosema kitu, sampuli zikiwa zimebaki ghalani mwake, na sheria ikawa imetimizwa. Tena uwezo wa serikali yenyewe kupima umekuwa mdogo: upimaji wa kina wa jiofizikia kwa kutumia ndege ulikuwa umefika asilimia 16 tu ya nchi wakati Wizara ya Madini ilipotangaza dira yake ya 2030, Madini ni Maisha na Utajiri, inayolenga asilimia 50. Mahali ambapo serikali haijapima, haina kipimo cha kumhukumia aliyeleta taarifa hafifu. Nakubali yote hayo. Dawa yake ni kuipa GST watu na fedha za kukagua kinachowasilishwa, kwa sababu sharti la kukabidhi ndilo linalofanya ukaguzi uwezekane tangu mwanzo. Aliyeandika uongo na kuutia saini amejifunga. Asiyeandika chochote hana wa kumshika.

Neno saini linanipeleka kwenye upungufu ambao miaka 100 haijauondoa. Sheria za Tanzania zimeshughulika na data kuliko na mtu anayezizalisha. Wahandisi wana sheria ya usajili tangu 1968. Kenya ilipitisha Sheria ya Usajili wa Wajiolojia mwaka 1993, ikawa na bodi ya kuamua nani ajiite mjiolojia na nani avuliwe jina hilo akikosea. Kwa pwani ya Lindi pengo hili lina sura ya ajabu. Miradi ya kinywe ya Ruangwa, kama Nachu na Lindi Jumbo, ilitafutiwa mtaji katika soko la hisa la Australia, na huko taarifa ya madini lazima ifuate kanuni za JORC, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1989. Kanuni hizo zinamtaka mtaalamu mwenye sifa, mwanachama wa chama cha kitaaluma kinachotambuliwa na chenye uwezo wa kumwadhibu, atie jina lake na kubeba lawama. Zilizaliwa kutokana na maumivu ya wawekezaji waliodanganywa, na baada ya kashfa ya dhahabu ya Bre-X kule Indonesia mwaka 1997 Kanada nayo ikaweka za kwake. Ni kanuni njema. Lakini matokeo yake ni kwamba jiwe la Ruangwa linasemewa kisheria na mtu aliyeidhinishwa na chama kilichopo bara jingine, na kijana aliyesoma Mlimani na kulitembea eneo hilo kwa miguu miaka mitano anaweza asiwe na uwezo wa kusaini alichokigundua mwenyewe.

Natamani sheria ya usajili iwepo, na natamani iandikwe kwa uangalifu kuliko ya jirani. Hatari yake ni kugeuka uzio wa shahada. Chuo cha Madini Dodoma kinafundisha mafundi sanifu ambao ndio wanaokaa kwenye mtambo wa uchorongaji na kuandika kila mita inayotoka. Makosa mengi huzuiwa au huzaliwa mikononi mwao. Wachimbaji wadogo wa jasi wa Makangaga, Kilwa, wanajua kusoma ardhi yao kwa namna ambayo mwenye shahada mpya hajaifikia. Tena sheria zimeigawa taaluma yenyewe. Mtu wa Kilangala au Mipingo akikuta mfupa wa jiwe baada ya mvua, huo ni wa Idara ya Mambo ya Kale, chini ya sheria ya 1964 inayohesabu visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kuwa mabaki ya kulindwa. Akikuta kinywe ni habari ya Tume ya Madini. Povu la gesi likitoka kisimani ni la PURA, iliyoundwa na Sheria ya Petroli ya 2015. Ni ardhi moja, na mjiolojia anayeielewa ni mmoja, lakini hakuna kati ya ofisi hizo inayomtambua kwa jina la kazi yake. Daftari la wajiolojia lingempa jina hilo mbele ya zote tatu.

Kwenye pambizo za ramani za robo digrii huandikwa jina la aliyepima na miaka aliyopima. Desturi hiyo ilianza na wapimaji wa kigeni, ikaendelezwa na Watanzania. Boheti bin Amrani hakuwahi kupata pambizo ya aina hiyo. Alisimamia mashimo ya Tendaguru misimu yote, akajua mfupa upi utavunjika na upi utastahimili safari ya Lindi, na kwa kipimo cha bodi yoyote ya usajili iliyopo leo asingepita mlangoni. Mwaka 2007, mtafiti aliyekuwa akiichambua upya mifupa ya Berlin aligundua kwamba pingili mbili za shingo zilikuwa za mjusi ambaye hajapata jina. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinampa mwandishi uhuru wa kuchagua, na yeye alichagua *Australodocus bohetii*.